Ukuta wa Mgiriki

Asubuhi hiyo Norbert alipoingia mjini Baraka alikuta ngazi imeegemezwa kwenye nyumba ya Mgiriki, na ndoo ya chokaa iko chini yake. Akakaza mwendo.

Zamani nyumba hiyo ilikuwa duka la magari la Mgiriki mmoja. Gari jipya liliposhushwa melini, watu walivaa nguo za Jumapili wakaenda kulitazama nyuma ya kioo cha duka, hata wasio na baiskeli. Norbert, kijana wakati huo, ndiye aliyechora tangazo ukutani: gari la bluu likipanda mlima, na maneno "Fizi mpaka Uvira, hakuna kusukuma." Mgiriki alitaka dereva mwanaume. Norbert akamchora mchumba wake, Adolphine, kwenye usukani, anacheka.

Mgiriki akaenda zake. Vita vikaja, picha zote za nyumbani zikaungua, na Adolphine akafia kwenye kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa. Watoto wao walibaki huko. Norbert alirudi peke yake, na kila Alhamisi alipita kuutazama ukuta ule. Mvua ilikuwa imelila gari karibu lote, lakini uso iliuacha.

Clarisse, muuza pikipiki aliyeinunua nyumba, akatoka.

"Papa Norbert, banasema ni we ulichora hii. Nataka unichorie pikipiki pale pale. Lakini huyu mama iko nani?"

"Muke wangu."

Clarisse akautazama tena ule uso. "Basi tumuache. Umupandishe tu ku pikipiki."

Norbert akacheka, cheko kavu la mtu aliyezoea kucheka peke yake. "Hapana, mama. Alikuwa anaogopa pikipiki sana. Nilimubeba mara moja, akashuka ku njia, akamaliza safari na miguu."

"Pole, papa. Basi mutu mwingine atamufunika na chokaa. We utakuja kesho kuchora."

"Nitapaka mi mwenyewe."

Akapanda ngazi. Alianza na mlima, yakafuata maneno, kisha mabaki ya gari. Usoni aliweka kiganja kwanza; ukuta ulikuwa na joto la jua. Halafu akaiweka kando brashi kubwa, akachukua ile ndogo ya herufi, akamfunika polepole, macho mwisho. Kazi iliyotaka dakika tano ilichukua saa nzima.

Alipofika nyumbani aliwapigia watoto simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, kisha akawasha mkaa, akasonga ugali wa mtu mmoja.