Chungu cha Kumi na Moja

Mama mkwe ni mfinyanzi. Vyungu vyake vina bei kubwa; jirani zangu huishia kuvitazama tu. Nikamwomba atuazime kumi na viwili, vikae kwenye rafu ya ukumbi wa mtaa: mtu achukue, apikie wiki moja, arudishe. Alikubali kwa sharti. "Atakayevunja alete vigae, nitavisaga nichanganye na udongo mpya. Atakayeficha ufa, naondoka na vyote."

Jumamosi alikuja kukagua. Hugonga kila chungu kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hulia kama boga.

Cha kumi na moja nilikuwa nimekiazima mimi. Jumanne, nikiwahi kazini, nilikitia maji baridi kikiwa bado cha moto. Kikalia ta. Nikaziba ufa kwa gundi na majivu, nikakirudisha kimya kimya. Mimi niliyebandika masharti ukutani.

Alipofika cha nne, nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vilivyobaki.

"Mama, unavibishia hodi hivyo, kuna mtu ndani?" aliuliza fundi cherehani, aliyekuja kuazima.

"Akiwepo ataitika."

Cha saba. Cha nane.

"Mimi naomba kile kikubwa," fundi akasema, akinyoosha kidole. "Wajukuu wanakuja, nataka kuwapikia uji."

Kilikuwa kile kile changu, cha kumi na moja. Niliuona uji ukichemka, gundi ikiachia, na watoto wameketi kukizunguka.

Cha kumi kililia vizuri. Mama mkwe akapeleka mkono kwa kinachofuata.

"Hicho kina ufa," nikasema. "Nimekipasua mimi, nikaficha."

Hakunitazama. Akakigonga. Du.

"Amesema kabla sijagonga, au baada?" akamuuliza fundi.

Fundi alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Kabla, mama. Chupuchupu, lakini kabla."

Mama mkwe aliweka mkono juu ya chungu. Kisha akakisukuma mbele yangu.

"Vigae vyangu viko wapi?"

"Hakijavunjika bado."

"Kivunje."

Nikakipiga sakafuni. Yeye akagonga cha kumi na mbili, akakigonga tena, ndipo akampa fundi. Mimi akanitolea jiwe la kusagia kwenye kikapu chake.

"Punje zisizidi mtama, mke wa mwanangu. Jumatatu nafinyanga."