Aliyemwita Karanga

Katika nyumba ya Mzee Leonidas pale Itigi ungeweza kusahau kufunga lango, ungeweza kugombana na mwenzako mpaka mtaa wa pili wakusikie. Mzee angekusema mbele na nyuma, yakaisha. Lakini mfugo, hapana. Kuku hapana, paka hapana, hata njiwa akitua juu ya bati mzee alimkodolea macho kama mpangaji aliyeingia bila kuaga.

"Hii ni nyumba ya watu," alimwambia kila aliyekuja kuulizia chumba. "Mwenye kwato, mwenye manyoya, mwenye mkia, kwake porini."

Jesca aliitikia "ndiyo, baba" siku ile anahamia, na alimaanisha. Alikuwa fundi cherehani, na baraza ya chumba chake ilitazama njia ya stesheni. Mtu akichanika suruali kwenye treni, wa kwanza kumwona alikuwa Jesca. Mwanawe Eliza, wa miaka minne, alicheza miguuni pake na vipande vya vitenge. Mfugo wa nini?

Kisha wakaenda Kintinku kumsalimu mama yake Jesca, wakarudi na Karanga.

Karanga alikuwa mwanambuzi ambaye mama yake alikufa akimzaa, na rangi yake ilikuwa ya karanga iliyokaangwa ikakaribia kuungua. Bibi alimweka mapajani mwa Eliza, akasema, "Huyu wako, mjukuu wangu." Mjomba Stefano akacheka. "Nani hapa ana muda wa kumshikia chupa? Akibaki, Jumapili ni kitoweo." Eliza alimkumbatia yule mnyama shingoni, akamtazama mama yake. Hakulia. Angelia, pengine Jesca angepata nguvu ya kumkatalia.

Karanga akaingia Itigi ndani ya kapu la vitambaa.

Kuanzia hapo wapangaji wote wakawa washirika wa kosa moja. Amne, aliyekaanga maandazi mlango wa pili, Karanga akilia yeye alikohoa. Akizidi kulia, aliongeza redio.

"Mama Eliza, huyu mwanao wa pili atanitia kifua kikuu," alisema.

"Vumilia, dada. Akikua atakuoa."

"Na ndevu zake zile? Afadhali nibaki hivi hivi."

Dawa ya Jesca ilikuwa moja: chupa ya maziwa kabla jua halijazama. Maana jioni ndipo wanambuzi wote hukumbuka mama zao. Karanga akishiba mapema, alilala chini ya kitanda, kimya kama kiatu.

Lakini kinachoingia mdomoni hakikosi pa kutokea. Asubuhi moja Mzee Leonidas, aliyekaa mtaa mwingine, alipita uani, akasimama, akainama. Juu ya sakafu yake nyekundu ya saruji palikuwa na vidonge vidogo vyeusi.

"Amne, hivi ni nini?"

"Shikamoo, baba. Hizo… ni choroko. Zimenimwagikia."

Mzee akakiokota kimoja, akakivunja kwa kucha, akakinusa. Amne akageuka upande, mtandio mdomoni.

"Nimekula choroko tangu sijaota meno," alisema mzee. "Hazijawahi kunuka hivi." Akanyoosha mgongo, akapaza sauti ili milango yote isikie. "Nitarudi! Nikimkuta mnyama, mnyama na mwenye mnyama watapita lango moja!"

Jesca alikuwa anadarizi shingo ya gauni. Sindano ikamchoma kidole, wala hakusikia uchungu. Kumrudisha Karanga Kintinku ni kumpeleka kwenye sufuria ya Stefano. Kubaki naye ni kuipoteza baraza, na wateja wa stesheni, na chumba alichokwisha kukizoea mpaka nyufa zake. Akamtazama Eliza, aliyekuwa anamfunga Karanga utepe shingoni. Akasema moyoni: Mungu wangu, nionyeshe mlango, hata dirisha tu.

Mzee alirudi jua likiinama, na hakwenda kugonga mlango wa mtu. Alivuta kigoda katikati ya ua, akaketi, mikono juu ya magoti. Maziwa ya Karanga yalikuwa yanapashwa moto kwenye jiko la Amne, pale pale mbele ya pua ya mzee. Nani angeyafuata? Redio ililia mpaka betri ikachoka. Amne alikohoa mpaka akakohoa kweli. Mzee akangoja. Mtu aliyewahi kuchunga anajua kungoja.

Kivuli cha ukuta kilipofika miguuni pake, alikunja ulimi, akatoa sauti ambayo hakuna aliyedhani anayo. "Trrrrii-ee! Trrrrii-ee!" Nyembamba, ya kubembeleza, yenye kupanda mwishoni. Ule ndio mwito wa wachungaji, wa kuwaita wanambuzi jioni waje kunyonya.

Jesca aliinua kichwa. Huo mwito aliujua. Mama yake aliupiga kila jioni huko Kintinku.

Na Karanga naye aliujua. "Mee!" Pazia likaruka, kwato zikateleza kwenye saruji, utepe ukipepea shingoni. Alivuka ua mzima bila kumwangalia mtu, akampiga mzee kichwa gotini, kisha akakamata pindo la koti lake, akaanza kulinyonya.



"Hizi ndizo choroko zako, Amne?" aliuliza mzee. Kisha, bila kugeuka: "Mama Eliza. Funga mizigo."

Jesca alitoka nje. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa aombe radhi. Lakini alipomwona Karanga anavuta lile koti kwa matumaini yote ya dunia, akakumbuka kofi. Kofi la mama yake, siku alipokuwa mdogo akawaita wanambuzi kwa mchezo.

"Baba," alisema, "wewe umemwita."

"Nimemwita nimkamate."

"Yeye hajui kukamatwa. Anajua kuitwa. Kwetu, ukimwita mwanambuzi jioni kwa mkono mtupu, ulichapwa. Na aliyemwita yatima akaitikiwa, ndiye mlezi wake mpaka aache maziwa. Labda kwenu Ikungi mlikuwa mnawadanganya."

Mzee aligeuka taratibu. "Kwetu?" alisema. "Mama yangu alinivunjia mwiko mgongoni kwa kosa hilo!"

Akajishika mdomo. Neno lilikuwa limeshatoka, na halina mkia wa kulivutia ndani.

"Basi unajua," alisema Jesca, polepole.

"Hayo ni mambo ya kwenye tembe za udongo! Hapa ni bati na saruji!"

"Na ule mwito, baba, uliununua duka la saruji?"

Amne alicheka kwanza. Wakafuata wengine, mlango kwa mlango, na Eliza akacheka kwa kuwa watu wamecheka. Mzee Leonidas alitazama kiganja chake kitupu. Karanga aliliachia koti, akakitia ulimi kile kiganja, akalia tena.

"Lete chupa," alisema mzee.

Jesca akaileta. Mzee akaionja kwa tone juu ya mkono, akaguna. "Ya moto mno. Mnataka kumbabua?" Akaipoza, akaiinua juu kidogo kuliko Jesca alivyozoea, kichwa cha Karanga kikainuka vizuri, na yale maziwa yakashuka bila kupaliwa. Mkia ukacheza kama kengele.

"Nimelala na ndama mpaka nikawa na ndevu," alisema mzee, akiwa ameinamisha uso. "Tembe moja, sisi huku, wao pale. Shuleni hakuna aliyetaka kukaa karibu nami, kwa harufu. Nikaapa: nikijenga, hatalala mnyama ndani."

"Kiapo ni kiapo, baba," alisema Jesca. "Ndani hatalala. Lakini kule nyuma ya ukuta pana nafasi. Nitafagia mwenyewe kila asubuhi."

"Na akikua?"

"Akikua atarudi Kintinku kwa miguu yake, ajiunge na wenzake. Siyo kwenye sufuria."

Mzee akamnyonyesha mpaka chupa ikavuta hewa. Kisha akasimama, akajipangusa koti lililolowa.

"Kesho nitaleta fito," alisema. "Banda nitajenga mimi. Ninyi watu wa Kintinku hamjui kupiga fundo." Akafika langoni, akageuka. "Na maziwa ya jioni ni ya kwangu. Mtu asimpe kabla sijaja."

"Mizigo je, baba?" Jesca aliuliza.

"Mizigo gani? Mteja wako huyo yuko barazani anasubiri. Nenda kashone."

Kweli, alikuwapo mtu pale na suruali imechanika. Jesca akamnyanyua Eliza begani, akapita katikati ya ua akitembea kama bibi harusi, Amne akimpigia vigelegele kwa kifua kizima, bila hata kikohozi kimoja.

Jioni ya pili, Raymond wa chumba cha mwisho alimwendea mzee, aliyekuwa ameketi kigodani na chupa mkononi. "Baba, na mimi nina kambwa kangu kadogo kako kwa shangazi…"

"Mbwa?" alisema Mzee Leonidas. "Porini!"

Akakunja ulimi, akaita.