Kaseti ya Maskati

Mume wangu Mwinyihaji ana maoni juu ya kila kitu chenye waya. Ukimwonyesha saa ya mkononi inayopiga muziki, atakuuliza saa na kuimba wapi na wapi. Rimoti ya televisheni, kwake, ni njama ya kuwazuia wanaume wasinyanyuke. Jokofu zuri ni lile usilolisikia. Na kompyuta, ambayo ndiyo iliyotulisha miaka yote hii, ni kitu kitiifu kisicho na akili. Ikikosea usiitukane, mtafute aliyeiamrisha. Nimeyasikia haya mara nyingi hata naweza kuyasema usingizini.

Alianza kuandika programu zamani, wakati kompyuta moja ilijaza chumba kizima na kuwekewa kiyoyozi chake peke yake, huku sisi Timbwani, hapa Likoni, tukijipepea kwa vipepeo vya ukili. Mwaka ninaousimulia, 1991, alikuwa bado katika kiwanda kile kile cha Changamwe. Mashine zilikuwa zimeshapungua zikakaa juu ya meza, naye ndiye mkongwe wa idara. Majirani, kwa kusikia kwamba ni mtu wa kompyuta, walimletea redio mbovu, pasi, hata cherehani. Alinung'unika kwamba kazi yake ni kuandika maagizo, si kukaza skrubu, kisha akazikaza.

Mtu pekee aliyemsikiliza bila kumkatiza alikuwa mama yake, Bi Dhahabu, tuliyekuwa tukikaa naye. Jioni Mwinyihaji akirudi alimkuta barazani anachambua kunde, akaketi karibu yake na kumwaga yote: mkubwa wake anayetaka kazi ya mwezi iishe Ijumaa, kijana aliyefuta faili akasingizia umeme, programu nzuri kwamba ni ile ambayo hujui hata kama ipo. Mama hakuchangia neno. Mimi nilidhani ameshazoea tu, kama mtu azoeavyo kelele za kinu cha kusaga.

Walibishana juu ya jambo moja, nalo ni kaseti.

Rama, mdogo wake Mwinyihaji, alikuwa akifanya kazi Maskati. Kuandika barua hakupenda, na mama hakujua kuzisoma, basi wakizungumza kwa kaseti kama nyumba nyingi za Likoni zenye watu wao Uarabuni. Mama alisema maneno yake kwenye redio yetu ya kaseti, msafiri akaichukua, Rama akaisikiliza kule. Kisha Rama alirudisha kanda mwanzo, akarekodi jibu lake juu ya maneno yale yale ya mama, na kuituma nyumbani. Ilikuwa kaseti moja tu, ikienda na kurudi, na kila jibu likifuta barua iliyotangulia.

Mwinyihaji alikuwa hawezi kulivumilia hilo. "Mama, kazini kwetu hakuna kitu kinachofutwa kabla hakijawekewa nakala. Nitakununulia kaseti nyingine, hii uiweke."

"Niweke maneno ya jana ya kazi gani?" mama akamjibu. "Nikitaka kusema, si nitasema tena?"

Tulicheka sana siku hiyo. Hata Mwinyihaji alicheka.

Basi mara ya mwisho mama alizungumza kwa kirefu, upande mzima, mpaka nikajiuliza Rama atasikiliza saa ngapi. Kaseti akapewa Bakari, jirani yetu aliyekuwa akienda Maskati na Dubai kuleta nguo za kuuza. Wiki haikupita. Mama alijinyoosha mchana, baada ya adhuhuri, asiamke tena. Tukamzika jioni ile ile.

Asubuhi yake Mwinyihaji aliinuka kwenye jamvi la matanga akasema neno moja: "Kaseti."

Nikafahamu hapo hapo. Picha za mama tulikuwa nazo, hata ile aliyopiga kwa harusi yetu amenuna. Lakini sauti yake hatukuwa nayo popote duniani ila kwenye kanda ile, nayo ilikuwa mikononi mwa mtu asiyejua kwamba mama amekufa. Wakati wowote angebonyeza kitufe amjibu.

Simu nyumbani hatukuwa nayo. Mwinyihaji ndiye aliyeikataa, akidai kengele za kazini zinamtosha. Basi tukaenda posta, tukapanga foleni, tukaomba tuunganishwe na duka alilofanyia kazi Rama. Tulingoja mpaka miguu ikaniuma. Simu ilipopatikana tukajibana wawili mle kibandani, mimi nikiweka sikio karibu na lake.

"Rama, mama ametangulia mbele ya haki. Tumemzika jana."

Nilimsikia Rama akilia, kilio cha mtu mzima aliye peke yake ugenini. Mwinyihaji alimwacha alie. Kisha akamwambia, kwa upole, "Ile kaseti aliyokuja nayo Bakari. Usiirekodi."

"Kaka," Rama akasema, "nimeshamjibu. Bakari ameondoka nayo jana. Apitia Dubai kwanza."

Mwinyihaji akamwambia hapana neno, akamtakia subira, akarudisha simu mahali pake taratibu. Njia nzima hakusema kitu.

Wala siku zilizofuata hakusema. Namaanisha, alisalimu watu, aliomba chumvi, aliuliza kama mlango umefungwa. Lakini maoni yalikwisha. Feni iliharibika akaitengeneza kimya kimya, bila kumlaani aliyeibuni. Kache, msichana wa idara yao, alipokuja kutupa pole aliniambia kazini wameletewa mashine mpya zenye kipanya, wote wakangoja kusikia mzee atasemaje, naye akakaa akaanza kuitumia. Wallahi, mimi niliyekuwa nikimwomba anyamaze nile kwa amani, nilianza kumchokoza. Nikamuuliza anaionaje simu isiyo na waya niliyoiona kwenye gazeti, mtu atembea nayo mfukoni.

"Ni nzuri," akasema.

Ni nzuri! Mwinyihaji huyu! Nilikwenda jikoni nikalia, kwa maana niliona nimebaki na mtu anayefanana na mume wangu tu.

Bakari alirudi na mizigo yake, akatuletea kaseti. Mwinyihaji aliipokea, akaishika kidogo, akaiweka juu ya kabati. Kila nilipopangusa vumbi niliipangusa nayo. Sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi moja, baada ya alasiri, aliishusha mwenyewe. Akaweka redio sakafuni katikati yetu, akatia kaseti na kubonyeza.

"Shikamoo, mama," akasema Rama, kwa furaha, kama mtu aliyeingia sasa hivi mlangoni. "Maneno yako yote nimeyasikia." Akamwahidi dawa ya miguu. Akasema amepata ruhusa, atakuja mara baada ya Ramadhani, mama ampikie samaki wa nazi. Ilikuwa vigumu kusikiliza. Rama aliaga, kanda ikabaki ikivuma bure. Nikanyoosha mkono nizime.

"Usizime," Mwinyihaji akasema.

Alikuwa akiitazama kanda ikizunguka. "Rama hana maneno mengi. Mama alijaza upande mzima. Kifupi hakiwezi kufuta kirefu chote, lazima mwisho wake ubaki. Nimelijua hilo tangu siku ile ya posta."

"Na mbona hukusema?"

"Niliogopa. Huenda Rama aliiacha ikaendelea kurekodi ikafuta yote, akaenda zake. Ndugu yangu namjua, Mwanatabu, hajui kuzima kitu."

Basi tukangoja, na kanda ikavuma. Halafu kitufe kikalia tak na, katikati ya sentensi, mama akaingia.

"...wala usinunue redio nyengine, iliyopo yatosha. Haya, mwanangu, Mungu akuweke. Wasalaam." Kitufe kikabonyezwa. "Mwanatabu!"

"Abee, mama." Hiyo ilikuwa sauti yangu, kutoka mbali.

"Hino nishaizima?"

"Ishazimika, mama."

Haikuzimika. Alikuwa amebonyeza kitufe cha pembeni, nami nilikuwa nikipeta mchele sikugeuza hata shingo. Redio ikaendelea kutusikiliza. Ungo ukapigwa, kuku akafukuzwa. Kisha mama akasema, "Mumeo leo akawia."

"Kazi nyingi. Na akija tutapewa habari za mashine mpaka masikio yatuume."

Nilitamani sakafu ipasuke niingie. Mwinyihaji hakunitazama. Kwenye kanda mama alicheka, kicheko chake kile cha kifuani.

"Mwache aseme. Mimi sifahamu hata neno moja, wallahi. Lakini babake alipokufa, mtoto huyu alinyamaa. Mwaka mzima, hasemi na mtu. Nikamwendea kila mganga. Basi nimsikiapo asema, hata kama ni upuuzi, najua mwanangu yu mzima."

Kanda ikafika mwisho, redio ikajizima yenyewe.

Mwinyihaji alifunika uso kwa mikono miwili akalia, jambo ambalo hakulifanya siku ya maziko. Nikamwekea mkono mgongoni. Jua liliondoka mlangoni tukiwa tumekaa vile vile.

Alipoweza, aliitoa kaseti, akachukua kisu cha jikoni na kuvunja vile vilimi viwili vya plastiki vilivyo nyuma yake, ili asije mtu akarekodi tena. Akajipangusa pua. Akaigeuza redio kunako mwanga, akaikazia macho.

"Tazama vitufe hivi," akasema. "Vyote vyeusi. Vyote sawa sawa. Mtu mzima asiyeona vizuri atajuaje cha kuzimia ni kipi? Aliyekaa mezani akabuni kitu hiki hana mama?"

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake.

"Sema," nikamwambia. "Sema yote, nakusikiliza."