Picha Sita za Bi Sabuni

Siyo, siyo udaktari wa kudunga sindano aliouomba Bi Sabuni. Hata baba yake mzazi, fundi cherehani, mwanzoni alidhani hivyo hivyo, akawa anawatangazia wateja kwamba binti yake anakwenda kujifunza kupasua watu. Ni shahada ya pili, ya elimu ya afya: kumweleza mtu jambo la mwili wake mpaka aelewe na alifanye. Binti ni nesi wa zahanati, mwaka wa kumi na nne huu, na mtaani wanamwita Bi Sabuni, maana mtoto hapiti mbele yake bila kukaguliwa mikono.

Basi chuo kilibakiza nafasi moja na waombaji wawili. Kila mmoja achore picha za kufundisha jambo moja, bila neno lolote, wahadhiri waje zahanati kuona kama watu watazifuata. Mwenzake alishapimwa Ijumaa. Bi Sabuni zamu yake Jumamosi, na alichagua ile dawa ya unga ya mtoto anayeharisha, ya kuchanganya na maji. Nyumba nzima haikukalika kwa furaha. Mumewe alipika huku anapiga miluzi.

Asubuhi hiyo akazipanga picha sita juu ya meza ya cherehani, akaweka na pakiti ya dawa.

"Baba, fanya unavyoona hapo."

Fundi hajui kusoma, lakini macho anayo. Picha ya kwanza, akanawa. Ya pili ilikuwa pakiti yenye vinukta juu na mkasi pembeni. Akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kuushona mdomo wa pakiti, taratibu, kwa mkono mzuri kabisa.

Mkwewe alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, mtoto anaharisha, wewe unashona? Hapo ni pa kukata!"

"Si ndivyo nilivyoambiwa? Vinukta ni njia ya sindano. Mkasi wa kukatia uzi."

Bi Sabuni hakucheka. Alikodolea macho ile pakiti iliyoshonwa, na fundi akajua kamharibia mwanawe chuo.

"Nimemchorea mtu anayejua tayari," binti akasema polepole. Kisha akamkumbatia babake na sindano yake mkononi, akafuta vinukta na mkasi, akachora vidole viwili vinachana pakiti.

Kule zahanati, fundi aliambiwa asubiri nje. Akasubiri, ndiyo, ila pua yake ilikuwa dirishani. Mhadhiri mkuu akampa picha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Mama akanawa, akachana, akamimina kwenye lita ya maji, akakoroga, akaonja, akamnywesha mtoto kwa kijiko. Akaulizwa amejuaje kuchana. Akamtazama mhadhiri kwa huruma.

"Kwani wewe huvioni vidole?"

Mhadhiri akacheka, akaandika, akanong'onezana na wenzake, halafu akampa Bi Sabuni mkono: masomo yanaanza mwezi ujao.

Fundi alimwambia mlinzi, akamwambia muuza mboga, akamwambia na mtu aliyekuwa anapita zake, na kila alipoirudia habari, shahada ilizidi kuwa kubwa. Nyumbani chakula kilikuwa kimepashwa mara mbili. Huyu anasimulia amesimama, yule anapiga simu, Bi Sabuni anazunguka meza kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe mkwe akakusanya simu zote, akavuta viti, akamkalisha fundi kwa kumshika mabega, na mmoja mmoja wakakaa, wakala.