Ukuta Uliovikwa Nailoni

Mama yake Mhandisi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kutunza vipya. Kochi lilikaa na nailoni yake ya dukani, mgeni akinyanyuka linamng'ang'ania mapaja. Rimoti ndani ya mfuko. Godoro vilevile, ukijigeuza tu linakoroma kukushinda wewe. "Kipya kinyemi," Mama alikuwa akisema, "ingawa kidonda." Na binti yake, aliyesomea ujenzi chuoni, anayeitwa Mhandisi na jengo zima, alikuwa anacheka tu.

Yeye ndiye aliyemtia Mama kwenye ghorofa la mbao. Alilipigia debe mpaka sauti ikakauka. Ni mbao za tabaka, Mama, moja imelazwa hivi, nyingine imekatiza juu yake, zikagandamizwa kwa gundi, zinabeba ghorofa kama zege. Halafu kuta za ndani zinahama! Familia ikiongezeka unafungua bolti, unasogeza, umepata nafasi.

"Kwa hiyo unanihamishia kabatini," Mama akasema. Lakini mwana akililia wembe mpe, akahama.

Sasa siku ya kusogeza ukuta ikafika. Kaka mtu, aliyeanguka na pikipiki akavunjika mgongo, alikuwa anatoka hospitali na kiti cha magurudumu, na chumbani kwake kiti hakigeuki. Ukuta ukisogea kidogo tu kuelekea sebuleni, kaka anaingia nyumbani. Usiposogea, anapelekwa kituo cha wasiojiweza nje ya mji, na hakuna asiyejua watu wanavyotoka kule.

Fundi wa kuta akaja na mkebe wa spana na mdomo wa redio.

"Mhandisi, leo unashika spana au unashika kiuno?"

"Nashika vyote, fundi. Wewe shika breki ya mdomo."

Wakasukuma kabati. Nyuma ya kabati, pazia. Nyuma ya pazia, nailoni: imetandazwa juu mpaka chini, imebanwa kwa pini pande zote, nadhifu kama daftari la shule lililovalishwa jalada.

"Nani kauvalisha ukuta koti la mvua?" fundi akauliza.

"Mimi," Mama akajibu toka mlangoni, kifua mbele. "Tangu tuhamie. Vumbi, mikono ya wageni... ukuta wa mwanangu nitauachaje uchi?"

Mhandisi akabandua kona. Harufu ikamfika kabla ya macho, ya kisima kilichofunikwa. Upande wa pili bomba la bafuni lilikuwa linavuja pole pole. Ukuta ungekuwa wazi, doa lingeonekana mapema na hewa ingeukausha. Chini ya nailoni maji yalikosa pa kutokea. Mbao imekuwa nyeusi, uyoga umeota kwenye maungio. Fundi akachomeka bisibisi sakafuni, ikazama mpaka mpini. Utani ukamwisha.

"Sakafu nayo imekwenda," akasema. "Hapa halali mtu, si leo, si mwezi huu. Mama, anza kufungasha."

"Na mwanangu?"

Fundi akainama kukusanya spana zake.

Mama akamgeukia bintiye. "Nilisema mimi, mbao ni mbao tu. Au kuna mahali nimekosea? Niambie, wewe ndiye umesoma."

Jibu lilikuwepo, limempanda mpaka kwenye meno. Akalimeza. Huko chini honi ikalia, akashuka.

Kaka alikuwa kwenye gari la kukodi, amevaa shati jipya ambalo bado lina mikunjo ya dukani.

"Mbona umekuja na sura ya msiba, dada? Ukuta umegoma?"

"Chumba hakipo, kaka. Kimeoza, mpaka sakafu."

Kaka akatazama kiti chake kilichokunjwa pembeni. "Imekuwaje? Si ulisema hizo mbao zitatuzika sote?"

"Mbao mbovu," akasema. "Nilidanganywa. Hazifai."

Miaka yote ile ya darasani, na hilo ndilo neno la kwanza alilolitoa kama mtaalamu. Dereva akatikisa kichwa, kama mtu aliyejua siku zote kwamba mbao ni kuni.

"Basi mwelekeze dereva njia ya kule kituoni," kaka akasema taratibu.

Juu dirishani Mama alikuwa anaifuta ile nailoni kwa kitambaa, anaikunja pindo kwa pindo.

"Hii bado nzima," akaita. "Njoo umchukulie kaka yako, akaitandike kitandani huko."