Namba Kumi na Tisa

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumatano, msafishaji alifika na dekio lake mbele ya benchi la kliniki ya tumbo akasema, "Miguu." Wagonjwa wote wakainua miguu. Mwanamke mwenye sweta ya kijani, aliyeshika kibao cha namba kumi na tisa, aliinua kabla ya wenzake. Alikuwa amekufa miaka sita iliyopita na magoti yalikuwa hayamuumi tena.

"Asante, Marehemu," alisema msafishaji. "Laiti hawa wazima wangekuwa na adabu kama yako."

Kando ya Marehemu aliketi mwalimu wa jiometri ambaye wanafunzi wa bweni walimwita Pembetatu. Jina alilipata kwa sababu ya somo, enzi zile akiwa mnene. Siku hizi lilimfaa hata kwa umbo. Kwa miaka minne magoti yake yalikuwa yakivimba na kupoa. Kisha tumbo likaanza kumwendesha mchana kutwa. Kisha moyo ukaanza kuruka mapigo. Kliniki ya viungo ilimwona Jumatatu, ya tumbo Jumatano, ya moyo Ijumaa. Kila moja ilikuwa na faili yake, kabati lake na ufunguo wake, na kanuni ilisema faili haivuki mlango wa kliniki yake. Basi Jumatatu alikuwa magoti, Jumatano tumbo, Ijumaa moyo. Siku zilizobaki alikuwa mwalimu.

Muhula huo lilizuka jambo lisilo na kliniki. Macho yake yaligoma kutazama juu, akawa anaandika nusu ya chini ya ubao tu. Kidato cha pili waliligundua hilo kabla ya daktari yeyote. Kwa moyo wa utafiti wakachora, juu kabisa ya ubao, pembetatu yenye miwani na miguu miwili myembamba. Hadi Jumatano ile mchoro ulikuwa umekaa wiki saba bila kufutwa. Nidhamu ya darasa lile haikuwahi kuwa nzuri kiasi hicho.

"Yalianza magoti, sivyo?" Marehemu alimuuliza.

"Magoti, ndiyo."

"Likaja tumbo. Na sasa huioni dari."

"Dari ina nini?"

"Ina buibui. Anakutazama tangu Januari."

Binti yake Pembetatu, fundi cherehani aliyekwisha kumpunguzia baba yake suruali mara tatu, aliinua kichwa. "Shikamoo, mama. Umejuaje?"

"Marahaba. Nimepita njia hiyohiyo, mwanangu. Kinachofuata ni kusahau. Mimi nilisahau siku ipi ni ya nini. Nikaleta moyo siku ya magoti, wakanirudisha. Nikafia hapa hapa, Alhamisi, siku isiyo na kliniki."

Binti alimgeukia baba yake. Asubuhi ile baba yake alikuwa amemuuliza mara mbili kama yeye, baba, aliwahi kuoa.

"Tufanye nini?"

"Wiki mbili kabla sijafa walinikata kinyama cha utumbo wakakipeleka maabara. Majibu sijapewa hadi leo. Kaniulizie. Mimi nikibisha pale dirishani, wananiambia nilete aliye hai."

Maabara ilikuwa mwisho wa korido. Mtaalamu wake, aliyejulikana kama Bwana Hadubini kwa kuwa jicho lake la kushoto lilikuwa limezoea kufumba hata wakati wa kula, alivuta droo ya majibu yasiyochukuliwa. Ilimbidi avute kwa mikono miwili.

"Namba kumi na tisa. Haya hapa. Yalitoka siku tatu kabla hajafa. Wa tumbo walidhani yatachukuliwa na wa moyo, maana Jumatatu hiyo alikuwa amekuja na moyo."

"Yanasemaje?"

"Bakteria. Adimu sana, nimemwona mara hii moja tu kwa miaka ishirini. Huingia tumboni, akatembelea viungo, moyo, hadi ubongo, wala hapigi hodi. Ukimtilia rangi, utumbo unang'aa waridi kama ukumbi wa harusi."

"Anatibika?"

"Mbona vizuri tu. Sindano wiki mbili, vidonge mwaka mzima. Dawa za kawaida. Zimo kwenye lile kabati la vioo, rafu ya chini."

Binti aligeuka. Kabati la vioo lilikuwa ukutani, likitazamana na benchi.

Binti alipomwombea baba yake kipimo hicho, daktari wa tumbo aliuliza nani amemwelekeza. "Namba kumi na tisa," alisema binti. "Aa, huyo," alisema daktari, "mgonjwa wetu wa siku nyingi." Akamkata Pembetatu kinyama cha utumbo. Kiling'aa waridi.

Siku ya tisa ya sindano, Pembetatu aliuliza nani kaziharibu suruali zake. Binti aliingia chooni akalia, akarudi akasema ni panya. Mwezi wa nne wa vidonge, katikati ya somo la duara, macho ya Pembetatu yalipanda ubao polepole mpaka juu. Darasa zima likainamia madaftari.

"Hii si pembetatu," alisema. "Mstari wa kitako umepinda." Akachukua rula ndefu akaunyoosha, na miguu akaiacha kama ilivyo.

Bahasha ya majibu ya Marehemu ilirudishwa kwenye droo. Majibu husomwa na daktari akiwa na faili, na faili ya aliyekufa imefungwa. Binti akaona amweleze kwa mdomo, siku alipofuata vidonge.

"Kabati lipi?" aliuliza Marehemu.

"Lile pale, mama."

"Rafu ya chini?"

"Ya chini."

Marehemu alilitazama kabati. Kabla ya kufa alikuwa ameketi mbele yake miaka miwili, na baada ya kufa sita. Akakifuta kibao chake kwa upindo wa sweta, akakishika tena sawasawa.

Uongozi wa hospitali ulilichukulia tukio hilo kwa uzito. Wiki iliyofuata, makabati matatu ya faili yakiwa bado na funguo zake tatu, lilibandikwa tangazo: *Wagonjwa, wakiwemo waliofariki, hawaruhusiwi kujadili magonjwa kwenye benchi.*

Jumatano yake, msafishaji alifika na dekio akasema, "Miguu." Karibu na namba kumi na tisa palikuwa na dereva kijana, suruali imemlegea, aliyeshindwa kuinua miguu yake. Marehemu alimwinulia, mmoja mmoja, maji yakapita. Kisha akamsogelea na kuuliza kwa sauti ya chini, kwa kuliheshimu tangazo:

"Yalianza magoti, sivyo?"