Ukurasa wa Visogo

Dada yangu ni msusi, na saluni haina siri. Mimi naziba pancha mlango wa pili, nasikia yote.

Alipotengana na mumewe, kesi ilibaki moja tu: binti yao wa miaka sita akae na nani. Wakili akamwambia dada, "Usiandike kitu mtandaoni. Hata kijembe." Shemeji naye hakuna wa kumziba mdomo. Kila kukicha aliposti: mke mvivu, mke muhuni, mke hajui kulea.

Wateja walimsogezea dada simu mpaka puani huku akisuka.

"Shoga, umeiona hii? Na wewe mchambe!"

"Geuza kichwa. Unanipindishia mstari."

"Ningekuwa wewe, leo angenitambua!"

"Ungekuwa mimi ungeshaota kipara. Geuza kichwa."

Nikaingia, mikono yote grisi. "Nipe simu nimjibu mimi. Nitamvua nguo."

"Kaka, hakimu atasoma sasa. Mwanangu atasoma akikua. Rudi kwenye matairi yako."

Usidhani ana moyo wa jiwe. Siku moja nilimkuta nyuma ya pazia, ameandika ujumbe mrefu kama treni. Akaufuta wote, akanawa uso, akarudi kusuka. Mimi nisingeweza. Mtoto ningempoteza siku ya kwanza.

Mahakamani, wakili wa shemeji aliupekua ukurasa wa dada wa mtandaoni atafute pa kumshika. Akakuta picha za visogo vya wateja, mistari imenyooka, basi. Maneno ya shemeji yakasomwa kwa sauti, moja baada ya jingine, mpaka mwenyewe akasema inatosha. Hakimu akaamua: mtoto akae kwa mama, Jumamosi aende kwa baba.

Nje nikatoa simu nitangaze ushindi. Dada akainyakua. "Yule bado baba yake."

Jumamosi shemeji alifika saluni, macho chini. Wateja wanangoja moto uwake.

"Karibu, mzazi mwenzangu. Viatu vyake hivyo hapo. Na sweta usilisahau, anakohoa."

Binti akamrukia baba yake shingoni, wakaondoka.

Mteja aliyekuwa kitini akasonya. "Ugomvi gani huu, hauna hata chumvi!"

"Geuza kichwa," dada akasema.